Sukari ya Jogoo

Nilifeli mtihani kwa sababu ya adabu. Wengine hufeli kwa uvivu, wengine kwa mapenzi. Mimi nilifeli kwa kuwa nimelelewa vizuri, na nikiikumbuka siku ile hasira hunipanda mpaka leo, ingawa mambo yaliishia kwenye heri.

Ilikuwa Stockholm, miaka ya sabini. Nyumbani Tanzania serikali ilikuwa imeamua kwamba kila mtu mzima ajue kusoma, na madarasa ya jioni yalikuwa yakifunguliwa kila mahali, shuleni, barazani, hata kwenye maghala ya katani. Wa kufundisha walikuwa wachache, na wa kuwafundisha hao wafundishaji walikuwa wachache zaidi. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la pili Pangani. Nikachaguliwa kwenda Uswidi kusomea elimu ya watu wazima, na nilipofika nikakuta kwamba sehemu kubwa ya masomo yenyewe ni historia: jinsi watu wa Ulaya, ambao karne chache tu zilizopita walikuwa hawajui alifu wala ba, walivyofika mahali ambapo hata kijakazi wa shambani anashika kitabu na kusoma.

Nikifaulu, nitarudi kuongoza madarasa ya akina mama wilayani kwetu. Nisipofaulu, nitarudi darasa la pili kwenye chaki yangu, na nafasi ataichukua mtu mwingine. Hilo tu lisingeninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni mama yangu. Mama maisha yake yote alikuwa anatia kidole gumba kwenye wino. Darasa la jioni lilipofunguliwa mtaani kwetu alikataa kwenda. Alisema hafundishwi kusoma na kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwogesha utotoni, atamngoja mwanawe atoke Ulaya. Akawatangazia na majirani. Kwa hiyo kulikuwa na kundi zima la wanawake wazima Pangani, wenye wajukuu, waliokuwa wamekaa kitako wakinisubiri mimi, na wengine walikuwa wakubwa kiasi kwamba kuwachelewesha mwaka mmoja ni dhambi.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane huko Vårby gård, karibu na mwisho wa reli ya chini ya ardhi, mahali ambapo majengo yalikuwa mapya kiasi kwamba ngazi zilinuka rangi. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni pale. Nyumba yake ya zamani katikati ya mji ilibomolewa, akapewa hii yenye jiko la umeme na dirisha linalotazama ziwa, naye akalalamika kuhusu vyote viwili. Miaka ile Waswidi walikuwa wametoka tu kukubaliana kwamba vyeo viwekwe kando, kila mtu amwite mwenzake wewe, mkubwa kwa mdogo. Majirani wa rika langu walimwita kwa jina lake kavu, kama wanamwita paka. Mimi nilishindwa. Nikamwita bibi, kwa Kiswahili, nikamweleza maana yake, naye akaitika siku ile ile.

Tulielewana kwa kahawa. Sisi watu wa pwani tunakunywa kahawa chungu na kuuma kashata pembeni. Bibi yule alikuwa anakunywa kahawa chungu, anaimimina kwenye kisosi ipoe, na anakishika kipande kigumu cha sukari ya mche kwa meno ya mbele ili kahawa ipite juu yake. Nilipomwona mara ya kwanza nilicheka kwa furaha. Nilikuwa nimesafiri kote huko kuja kukuta baraza letu jikoni kwa mzungu.

Profesa wetu alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye nyusi nyingi. Aliandika kitabu chembamba kwa Kiingereza kwa ajili yetu sisi wanafunzi wa kigeni, chenye jalada la kijivu, juu ya jinsi usomaji ulivyoenea Uswidi. Hadithi yenyewe ilinikamata tangu mwanzo. Baada ya mageuzi ya kanisa na kuja kwa chapa, ilipofika karne ya kumi na saba, kanisa na mfalme walitaka kila mtu asome neno la Mungu kwa macho yake mwenyewe. Hawakujenga shule, shule zilikuwa chache mno. Waliwaachia akina mama kazi hiyo, jikoni, halafu wakamtuma kasisi kukagua. Kila mwaka kasisi alipita mashambani, watu wa nyumba kadhaa wakakusanyika kwenye nyumba moja, mwenye shamba na mkewe, watoto, vijakazi, vibarua, naye akawauliza mmoja mmoja mbele ya wenzao. Soma hapa. Eleza amri hii. Akaandika kwenye kitabu cha usharika nani anasoma vizuri, nani anajikongoja. Asiyejua mafundisho hapokelewi mezani pa Bwana, na asiyepokelewa haolewi wala haoi. Baada ya hapo watu wakala na kunywa, maana mwenye nyumba alikuwa ameandaa karamu.

Niliposoma habari za nyumba kadhaa kukusanywa pamoja nilisema moyoni, aa, balozi wa nyumba kumi. Nilijua mambo haya. Serikali ikitaka kumjua mtu huanzia jikoni kwake. Nilijua pia hofu ya kuitwa mbele ya watu kusoma, maana nilisoma chuoni kwa mwalimu wetu wa Kurani, mzee mwenye kijiti cha kuti, na hakuna mtoto wa pwani asiyeijua hofu hiyo.

Sasa, kwa jinsi nilivyofundishwa, mtu akikupa elimu yake unamheshimu kwa kuihifadhi. Basi nikakihifadhi kitabu cha profesa. Sisemi nilikisoma sana. Nilikihifadhi, ukurasa kwa ukurasa, kama juzuu. Jumapili nilipanda treni kwenda Tumba kwa rafiki yangu, mwanamke wa Uganda aliyekimbia nchi yake baada ya jeshi kuchukua serikali, ambaye wakati ule alikuwa anajifunza uuguzi katika hospitali kubwa ya Flemingsberg. Yeye alikishika kitabu, mimi nikasoma bila kitabu, huku anakaanga ndizi. Sikukosea hata neno. Alifunga kitabu akaniangalia.

"Dada, wewe najua kitabu yote," akasema kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Lakini wewe mwenyewe iko wapi ndani?"

Nilimwambia akaange ndizi zake.

Mtihani ulikuwa wa kuzungumza, mimi na profesa tu, ofisini kwake. Niliingia, nikabaki nimesimama mpaka aliponiambia mara ya pili nikae. Nikatazama chini, sikumtazama usoni. Akaniuliza swali la kwanza, nikamjibu kwa ukurasa wake wa kwanza. La pili, nikamjibu kwa sura yake ya tatu. Nilikuwa natiririka. Nilimwona anasogeza kalamu mezani, nikadhani anafurahi. Halafu akaniuliza:

"Na unaona nini hakiko sawa katika kitabu hiki?"

Nikamjibu kwamba kitabu hakina kosa lolote.

Akasubiri. Waswidi wanajua kusubiri. Wanaweza kukaa kimya mpaka ukiri hata usiyoyafanya. Akauliza tena, kwa upole, kama kuna mahali popote ambapo nilisitasita, pakanitia shaka. Mahali hapo palikuwapo, tena pakubwa, nilikuwa na shaka napo tangu ukurasa wa kumi na kitu. Lakini mtu huyu alikuwa wa makamo ya baba yangu, mwalimu wangu, mwenyeji wangu, na kitabu ni chake. Kwetu mkubwa hakosolewi usoni pake. Ukiwa na la kusema unamtuma mtu mzima mwenzake akamwambie kwa mafumbo. Nikarudia kwamba kitabu ni kizuri sana.

"Najua kilichoandikwa humu," akasema. "Nilikiandika mimi. Nilitaka kujua wewe unasemaje."

Akanifelisha. Alinipa nafasi ya kurudi mara moja tu, mwisho wa majira ya baridi, kabla ya muda wangu wa kukaa nchini kwisha.

Nilirudi Vårby gård nimevimba. Nilimlaani kwenye treni kwa Kiswahili chote nilichokuwa nacho, na mama mmoja aliyekaa mbele yangu akahamia kiti kingine. Nilimwona mtu asiye na shukrani. Unampa mtu maneno yake mwenyewe, safi, yamepigwa pasi, anakurudishia usoni. Halafu hasira ikaisha ikabaki hofu, na hofu ilikuwa na sura ya mama yangu amekaa kwenye mkeka na majirani zake.

Bibi mwenye nyumba hakuniuliza kitu. Aliweka kahawa mezani. Nilipokwisha kulia akaniambia habari za nyanya yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kusoma, mashambani kaskazini, kwenye benchi la jikoni. Ukaguzi wa kasisi ulikuwa bado upo nyanya alipokuwa msichana, na aliuogopa kuliko radi. Lakini kitabu cha kwanza cha watoto, kile cha herufi, ukurasa wa mwisho kilikuwa na picha ya jogoo. Watoto waliambiwa kwamba ukisoma vizuri, usiku jogoo anataga. Asubuhi ukifungua kitabu unakuta kitu kitamu kwenye picha yake.

"Jogoo anataga?" nikauliza.

"Anataga sukari," akasema. "Nyanya alinifundisha hivyo hivyo. Nilimwamini mpaka nikawa mkubwa wa kumkamata mikono."

Nilicheka, machozi bado yakinitoka. Akasema nyanya yake alikuwa hodari sana wa kumjibu kasisi, na kwamba baadaye sana, alipokuwa mzee, alikiri kwamba ile mara ya kwanza alikuwa hajui kusoma hata kidogo. Alikuwa amesikia kaka zake wakisoma, akayashika maneno kwa masikio. Kasisi alimpa kitabu, naye akapitisha kidole na kusema. Kasisi akaandika kwamba anasoma vizuri.

Niliweka kikombe chini. Hiyo ndiyo ilikuwa shaka yangu, ile ya ukurasa wa kumi na kitu. Kitabu cha profesa kilihesabu wasomaji kwa kutazama alama za makasisi, na kiliziamini alama hizo kabisa. Mimi nilitoka chuoni. Nilijua kwamba kidole kinaweza kutembea kwenye mstari huku mdomo unatembea njia yake nyingine, na mtazamaji akaona mtu mmoja anasoma. Sote tulianza hivyo. Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa anatungoja tunoge kabisa, halafu anaweka kile kijiti cha kuti katikati ya ukurasa na kusema, haya, anzia hapa. Hapo ndipo ungesikia kimya.

Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo. Nililokuwa sina ni namna ya kulisema mbele ya mtu mzima. Majira yote yale ya baridi nilijaribu. Nilitunga sentensi, nikazifuta. Kila moja ilianza kwa kuomba radhi na kuishia bila kusema kitu. Rafiki yangu wa Tumba aliniambia nimwambie tu profesa kwamba amekosea, wazungu wanapenda hivyo, wenyewe wanasemana hivyo kutwa. Alisema kweli, lakini ulimi wangu ulikuwa umezaliwa Pangani. Nilijaribu mbele ya kioo kusema "hapa umekosea" na nikajiona kama mtu mwendawazimu anayemtukana mkwe wake.

Siku ya mtihani theluji ilikuwa imelowana, ile ya mwisho wa baridi inayoingia kwenye viatu. Nilitoka asubuhi na bibi akanikabidhi mkoba wangu mlangoni, amekwisha kunifungia vitabu ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilidhani ananihurumia. Hilo nalo likanikasirisha kidogo.

Profesa hakuwapo. Niliketi kwenye korido, mikono baridi, nikisoma dua zote ninazozijua. Akaja anahema, koti wazi, akaniomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa amempeleka mtoto kwenye shule ya chekechea na mtoto amegoma kuvua viatu. Tukaingia. Alivua koti, akatoa mfukoni glavu ndogo nyekundu ya sufu, imelowa chepechepe, moja tu, akaiweka juu ya chuma cha kupasha joto chumba ili ikauke.

"Ni ya mtoto wako?" nikauliza.

"Ya mjukuu wangu," akasema. Akaonekana mara moja mtu mwingine. "Ana miaka minne. Ananiita mzee wa kichwa cha ufagio. Kwa sababu ya hizi." Akagusa nyusi zake.

Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nyusi zilikuwa kweli ufagio. Na hapo kitu kikafunguka kifuani mwangu, maana nilikuwa nimekosea hesabu ya ukoo. Muda wote ule nilikuwa nimemweka mtu huyu mahali pa baba, na baba hajibiwi. Kumbe alikuwa babu. Na kila mtu kwetu anajua kwamba babu na mjukuu ni watani. Babu unamwambia kwamba amezeeka, kwamba hana meno, kwamba mkewe ni wako, naye anacheka. Hakuna jambo gumu ambalo mjukuu hawezi kumwambia babu yake, alimradi amwambie kwa mchezo.

Akaketi, akafungua mtihani kwa swali lile lile, bila kuzunguka. Kasisi ameandika kwamba kijakazi fulani anasoma vizuri. Tumwamini?

"Mwalimu," nikasema, "kabla sijajibu, naomba nikusomee kidogo. Wewe uwe kasisi."

Akainua ufagio mmoja. Akakubali.

Mezani pake palikuwa na vitabu vingi vya jalada la kijivu, kila kitu chao kilikuwa kijivu, na kitabu chake kilikuwa miongoni mwao. Nilivuta kimoja, sicho chake, nikakifungua nikakiinamia, nikaweka kidole. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaanza ukurasa wa kwanza wa kitabu cha profesa. Nilisoma polepole, kidole kinatembea mstari kwa mstari, mahali pagumu nikajikwaa kidogo makusudi, nikarudi nyuma nikalirekebisha neno kama mtu anayelitafuta kwa macho. Nilifunua ukurasa panapostahili kufunuliwa. Yeye aliegemea kiti, mikono tumboni. Nilimwona uso unamlegea kwa huruma, akidhani nimerudi kulekule, nimekuja tena na kasuku wangu. Sikumwonea huruma mimi. Nilimaliza ukurasa wa pili, nikanyamaza.

"Nimesoma vipi, baba kasisi?" nikauliza.

"Vizuri," akasema, kwa uchovu. "Umesoma vizuri sana."

"Basi andika hivyo."

Nikampa kitabu vilevile kilivyokuwa, bila kukigeuza. Alikipokea, akakitazama. Kilikuwa ni kitabu cha mwaka cha wafugaji, kwa Kiswidi, pale nilipofungua palikuwa na maradhi ya kondoo, na kwake kilikuwa kimekaa sawasawa, tayari kusomwa. Maana yake ni kwamba kwangu kilikuwa kichwa chini miguu juu.

Akakaa kimya. Nilitaja mwanzo kwamba Waswidi wanajua kukaa kimya. Kile kimya nilikihesabu kama maisha yangu. Nilimwona mama, nikawaona wanawake wa mtaani kwetu wanakunja mkeka na kwenda zao. Nikasema moyoni, umefanya utani na mtu ambaye hana utani, sasa umekwisha.

Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Hakuwa mtu wa kucheka kwa sauti, alicheka kwa mabega na pua, mpaka akavua miwani na kuipangusa. Alikigeuza kile kitabu cha kondoo juu chini, akasoma mstari mmoja, akacheka upya.

"Umekuwa unajua hili tangu mara ya kwanza?" akauliza.

"Tangu nilipokuwa na umri wa mjukuu wako," nikasema. Nikamweleza chuo chetu, kidole kinachotembea peke yake, na kijiti cha kuti katikati ya ukurasa. Nikamweleza nyanya wa bibi mwenye nyumba wangu, aliyesoma kwa masikio. Akavuta karatasi akaanza kuandika, na ndipo nilipotambua kwamba mtihani ulikuwa umekwisha na mazungumzo yalikuwa yameanza.

Tulizungumza mpaka glavu ikakauka. Aliniambia kwamba makasisi nao hawakuwa wajinga wote. Wapo waliokuja kuwapa watu kurasa wasizozizoea, na wapo waliotenganisha kusoma na kujua kwa kichwa, na kwamba kitabu chake kilipaswa kulisema hilo. Mimi nilimwambia kwamba hata hivyo nisingemcheka yule kijakazi. Anayejua maneno kwa kichwa amekwisha shika nusu ya njia. Anajua kinachotakiwa kuwapo kwenye karatasi, anabakiza kukiona. Mama yangu angeanzia hapohapo, kwa maneno ambayo mdomo wake unayajua. Na nikamwambia jambo jingine lililokuwa linanikera katika hadithi yake yote. Mfalme na kanisa walimlazimisha yule mwanamke asome ili awe mtiifu. Walichagua wao atasoma nini. Lakini mtu akishajua kusoma, nani atamchagulia kitabu cha pili? Hawakulifikiria hilo? Au walilifikiria wakaogopa, ndiyo maana waliwafundisha kusoma na hawakuwafundisha kuandika?

Profesa aliomba nakala yangu ya kitabu chake, akaandika jina langu pembeni. Akasema, hilo ni swali zuri kuliko sura yangu ya tano. Akanifaulisha pale pale, akainuka, akanipa mkono. Mlangoni akaniomba nimwite kwa jina lake, kama wanafunzi wote. Nikamwambia hilo haliwezekani, lakini nikitaka kumtania nitamwita babu. Akauliza maana yake. Nilipomwambia akagusa nyusi.

Sikumbuki nilivyofika kituoni. Nakumbuka miguu ilikuwa myepesi na viatu vimejaa maji. Kwenye treni nilikaa dirishani, vituo vikapita, na kila kituo nilitoa pumzi ambayo nadhani niliibana tangu vuli. Nilimtabasamia kila mtu. Hapana aliyehama kiti.

Bibi alikuwa jikoni. Aliposikia mlango hakugeuka, akaendelea kumimina kahawa, lakini nilimwona mgongo wake umesimama wima kama mtu anayesikiliza. Nikamwambia. Akasema "jaha", neno lao la kusema kila kitu bila kusema kitu, akavuta kiti akakaa kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa amesimama kutwa.

Nilifungua mkoba nimwonyeshe kitabu cha profesa, mahali alipoandika jina langu pembeni kwa penseli mbele yangu, karibu na mistari ile aliyosema ataisahihisha. Kitabu kikafunguka chenyewe kwenye ukurasa wa mwisho, ambao kutwa hatukuufunua. Kulikuwa na kipande cha sukari ya mche kimefungwa kwenye karatasi nyembamba, na juu ya karatasi bibi amechora kwa kalamu jogoo, vibaya mno, zaidi bata kuliko jogoo.

Alikuwa amekitia asubuhi. Kabla ya mtihani, kabla ya theluji, kabla ya glavu.

"Bibi," nikasema, "jogoo anataga kwa aliyesoma vizuri. Je, kama ningefeli?"

"Basi ungekihitaji zaidi," akasema, akapuliza kahawa yake kwenye kisosi.

Nilikivunja kipande kile kwa meno. Nusu nikainywea kahawa, kwa namna yake, imeshikwa kwa meno ya mbele, nikalia tena, safari hii bila kujificha, na kahawa ikanipalia. Nusu nyingine nikaifunga tena kwenye karatasi ya jogoo.

Mama aliipokea Pangani kwenye kiganja. Aliitazama, akaichungulia ile picha, akaniuliza kama kweli mtoto wake ametoka Ulaya na nusu ya sukari. Wanawake wenzake walikuwa wamekaa kwenye mkeka, kitabu cha kwanza kimefunguliwa mbele yao, bado hakuna aliyejua a. Nikamweleza kwamba ni ya kusomea, hupewa mtu akimaliza somo lake vizuri. Akasema vyema, ameelewa, akaitia kinywani papo hapo kabla hajatazama herufi hata moja. Sikumkataza.